Mstari Usiorudi

Nyota zilitoka kama punje za mchele. Hazikuwa nukta wala duara. Zilikuwa punje ndefu, zote zimelala upande mmoja kana kwamba kuna mtu aliyezipepeta kwenye ungo. Akello aliikuza picha ile kwenye kompyuta, akaipunguza, akaikuza tena, kama mtu anayefunua sufuria mara ya tatu huku akijua kabisa hamna kitu. Kisha akaifuta.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu usiku, katikati ya Mei. Mvua ya alasiri ilikuwa imeisugua anga ya Nyambureti mpaka nyota zikaonekana karibu kuliko taa za Mugumu. Jumamosi ukoo ungekusanyika kwa ibada ya kumbukumbu ya baba yake, mwaka mmoja tangu azikwe, na Akello alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo picha moja itakuwa mezani mbele ya wageni. Ni picha ambayo marehemu aliitafuta miaka sita akaikosa.

"Bado?" mama yake aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Bado, mama."

"Ni ile ile?"

"Ile ile."

Mama Efrazia hakujua hasa ile ile ni kitu gani. Lakini kwa miaka sita alikuwa amemsikia mumewe na bintiye wakiisema huko nje gizani, wakiilaani, wakiicheka, mpaka akaizoea kama mgeni aliyekuja kulala siku mbili na hajaondoka.

Opondo, baba yake Akello, alikuwa fundi baiskeli. Alikaa miaka mingi na kibanda chake Genkuru, akitengeneza baiskeli, cherehani na matoroli ya wachimbaji. Huko ndiko mhandisi mmoja mgeni wa mgodini, akiwa anafunga mizigo kurudi kwao, alimletea darubini pamoja na stendi yake ya mota mbili. Stendi haikuzunguka. Akamwambia, ukiweza kuitengeneza ni yako. Opondo aliifungua, akazikuta gia zimeshikana kwa vumbi na grisi kavu, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi mpya, ikazunguka. Usiku ule ule akaielekeza juu. Anga ya Genkuru ilikuwa nyeupe kwa taa za mgodi, hata hivyo aliona kitu kama moshi mdogo wa mviringo. Aliporudi Nyambureti kujenga nyumba yake, giza la huko likamwonyesha moshi ule vizuri zaidi.

"Ni tonge," alisema. "Kuna mtu amelifinyanga akasahau kulila."

Vitabu vinaliita Omega Sentauri, na vinasema ule moshi si moshi, ni nyota mamilioni zilizobanana. Opondo aliliita Tonge, na nyumba nzima ikaliita Tonge. Olima, mdogo wake, mzee wa kanisa, alichungulia siku moja, akafuta jicho, akasema ni uchafu kwenye kioo. Tangu hapo Opondo alikuwa na haja moja: apate picha ya Tonge iliyopigwa kwenye boma lake mwenyewe, kila nyota imesimama peke yake na ni ya duara, aiweke mkononi mwa Olima na asiseme neno.

Kupiga picha ya namna hiyo si kubonyeza na kuondoka. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinakimbia, na stendi lazima izunguke nazo kwa mwendo ule ule, dakika baada ya dakika, wakati kamera imefumbua jicho. Mota peke yake hukosea. Ndiyo maana pembeni ya darubini kubwa kulikuwa na nyingine ndogo, na nyuma yake kamera ya pili isiyo na kazi nyingine ila kuitazama nyota moja tu na kuripoti kwa kompyuta kila baada ya sekunde mbili: ipo, ipo, imesogea. Ikisogea, kompyuta inaisukuma mota irekebishe. Kwenye kioo cha kompyuta unaona mistari miwili. Wa buluu ni wa mota ya mashariki na magharibi, mwekundu ni wa kaskazini na kusini. Mambo yakiwa mazuri mistari yote inalala kimya kama maji ndani ya karai.

Wa buluu wa Akello ulilala. Mwekundu ulikataa. Ulipanda polepole kwa dakika nane, tisa, kumi, kompyuta ikaisukuma mota, mstari ukaanguka kwa kishindo hadi upande wa pili, halafu ukaanza tena kupanda kuelekea kule kule. Jumanne ile alikuwa amekwisha kagua kila kitu ambacho mtu mwenye akili hukagua. Nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja, haziburuzi. Uzito wa darubini ulikuwa sawasawa pande zote mbili, unaiachia inabaki ulipoiachia. Aliiagiza kompyuta ijifunze mota upya mara tatu. Mstari mwekundu haukujali.

Na Akello alijua baba yake angesema nini, kwa sababu alikwisha kulisema.

Siku ile, miezi minne kabla ya kifo chake, walikuwa wamekaa kwenye vigoda hapo hapo. Opondo alikuwa ameutazama mstari mwekundu muda mrefu, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Hiyo si gia, nyathina," alisema. Alimwita hivyo alipokuwa na furaha naye, mwanangu. "Gia ina meno. Jino likiwa bovu litakuja, litapita, litakuja tena. Kosa la gia linarudi. Huu mstari wenyewe haurudi, unarudishwa. Tafuta kitu kinachokwenda upande mmoja tu."

"Baba, nimesoma. Mota ya kaskazini na kusini ina mlegeo. Watu wote wanasema ni mlegeo wa gia."

"Watu gani?"

"Kwenye mtandao. Watu wenye stendi kama hii."

"Na hao watu stendi zao zimesimama wapi?"

Akello alidhani ni swali la mzee anayetafuta maneno. Alikuwa na stashahada ya upimaji ardhi, na miaka minne ya kazi. Wiki iliyofuata, baba alipokwenda kliniki ya presha Mugumu, yeye alifungua gia za mota ile. Alikuta kila skrubu ina alama ndogo ya msumari, mkwaruzo mmoja kwenye skrubu na mmoja kwenye chuma, jinsi Opondo alivyozikaza kwa sikio na kidole. Akazipita zile alama. Akakaza hadi mlegeo ukaisha, na pamoja na mlegeo ukaisha mwendo. Opondo aliporudi alikuta mota inalia kama mbuzi aliyefungwa karibu na majani asiyafikie.

"Umeikaza mno," alisema. "Niachie niisikilize."

Na hapo ndipo Akello aliposema lile neno. Alikuwa amechoka, mikono ina grisi, ameaibika kwa sababu mota inalia. Akasema, "Baba, wewe ni fundi baiskeli. Hii si baiskeli."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha, ingeonekana ni hasira. Opondo alichukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja ingawa havikuwa na kitu, akasema, "Ni kweli, mimi ni fundi baiskeli," akaingia ndani. Hakumnunia. Kesho yake walisalimiana, walikula, waliongea habari za mahindi. Lakini hakutoka tena nje usiku. Akello alipomwita aje aone kitu, alijibu kwamba baridi inamsumbua kifua. Mei iliyofuata presha ilimwangusha mlangoni mwa kibanda chake cha Nyambureti, na neno lile lilikuwa bado limekaa pale lilipoachwa.

Baada ya mazishi Akello alizirudisha skrubu zote kwenye alama za msumari. Mota ikanyamaza. Mstari mwekundu ukaendelea kupanda.

Siku ya Jumatano alikuwa kazini Manchira, upande wa juu wa bwawa, wakipima viwanja. Happy, msichana aliyeshika fito ya kupimia, alikuwa na mdomo usiochoka. Akello aliisimamisha tripodi, akaikanyagia miguu yake mmoja mmoja kwa uzito wote wa mwili, akaweka mashine juu, akasawazisha kiputo cha pima maji katikati. Akasoma, akaandika. Aliporudi kusoma mara ya pili, Happy alikuwa amesogea karibu anakula karanga.

"Dada Akello, kiputo kimetoroka."

"Nimekiona."

"Umekipima sasa hivi tu. Kimekuogopa?"

"Ni udongo," Akello alisema, huku akizungusha skrubu kukirudisha. "Hii ni mbuga, ule udongo mweusi wa kunata. Ikinywa maji haikai. Tripodi inazama kidogo kidogo, mguu mmoja kuliko mingine. Kila ukigeuka, angalia kiputo. Usiuamini udongo mweusi hata siku moja."

Alikuwa amekwisha kulisema hilo kwa kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyepita mikononi mwake. Alilisema kama mtu anavyosema funga mlango. Safari hii mikono yake ilisimama kwenye skrubu.

"Nini?" Happy aliuliza.

 Akello aliiangalia miguu mitatu ya tripodi ilivyoingia kwenye udongo mweusi unaong'aa kwa maji ya jana, na kuuona mguu wa upande wa bwawa, ambao dakika kumi nyuma alama yake ilikuwa juu ya udongo, sasa alama imefunikwa. Ukizama, hauinuki. Unakwenda upande mmoja tu.

Mchana, kazini, alikuwa hauamini udongo hata kwa dakika kumi. Usiku, nyumbani, aliusimamishia stendi yenye uzito wa gunia la mahindi, akaulenga mhimili wake kwenye ncha ya mbingu, pale anga yote inapozungukia, kwa saa nzima ya kazi ya kukodoa macho, halafu akashangaa mbona nyota zinakimbia. Udongo ulikuwa ule ule. Aliuamini kwa sababu ulikuwa wa kwao. Alizaliwa juu yake, akacheza juu yake, hakuna siku aliyowaza kwamba nao unazama.

Na hao watu stendi zao zimesimama wapi?

"Dada, unalia?"

"Shika fito wima," Akello alisema. "Imelala."

Usiku huo mvua ilinyesha. Aliutumia kutembea na mwavuli na nondo ya mita moja, akichoma udongo wa boma lote. Kila mahali nondo iliingia kama kisu kwenye ndizi. Shimo la choo lilikuwa limeonyesha zamani kwamba mbuga pale inashuka karibu mita mbili. Baraza la nyumba lilikuwa la saruji, lakini saruji yenyewe ilikuwa imepasuka kwa sababu hiyo hiyo, ufa unaoingia kidole. Uwanja wa shule, kanisani, kote ni udongo ule ule. Alizunguka hadi nondo ikagonga. Ilitoa mlio mfupi wa chuma na jiwe, na mkono ukatetemeka hadi begani. Akainua taa kuona amegonga nini.

Alikuwa amesimama kando ya kaburi la baba yake.

Lilijengwa na Machage, jirani yao mwashi, baada ya Olima kusema wazi kwamba hataki kuona kaburi la kaka yake limepasuka kama mabaraza ya huku. Machage alichimba kupita mbuga yote hadi akafika kwenye mwamba, akainua kuta nne za zege kutoka huko chini, akazifunika kwa bamba la zege lenye nondo nene, akapaka saruji juu. Alijisifu kwamba hata ng'ombe mia wakipita, halitajua. Mwaka ulipita na mvua zake zote. Halikuwa na ufa hata wa unywele.

Ukoo wao haukukanyaga makaburi. Mtoto akikimbilia mpira juu ya kaburi aliitwa jina lake lote la ubatizo, na hakurudia.

Alhamisi jioni Akello alimkuta mama yake anachambua dagaa.

"Mama, nataka kuweka darubini mahali pagumu."

"Weka."

"Hapa bomani pagumu pako mahali pamoja tu."

Efrazia aliendelea kuchambua. Alitupa vichwa vitatu, vinne. Alikuwa ameishi na Opondo miaka thelathini na mmoja, na kuna mambo hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Mimi leo nalala mapema," alisema hatimaye. "Kichwa kinaniuma. Sitaona kitu." Kisha, Akello alipokwisha geuka, akaongeza: "Vua viatu."

Saruji ilikuwa bado na joto la mchana. Akello aliisimamisha stendi upande wa miguuni mwa baba yake, akaigeuza ile kabari ya chuma aliyoichomelea Opondo mwenyewe, kwa sababu stendi ilitengenezwa kwa nchi za mbali ambako ncha ya mbingu iko juu, na huku kwetu karibu na ikweta iko chini nyuma ya vilima, mhimili unalala kama mti ulioanguka. Alijifunga kichwani taa nyekundu, maana nyeupe inayaharibu macho yaliyozoea giza. Akachagua nyota, akaangalia inavyokimbia, akasogeza skrubu, akaangalia tena. Saa tatu kasoro alianza. Saa nne alimaliza. Aliielekeza darubini kwenye Tonge, akaibonyeza kompyuta ianze kufuatilia, akachuchumaa.

Mistari miwili ilitokea. Wa buluu ulicheza kidogo ukatulia. Mwekundu alioungoja upande, haukupanda. Dakika tano. Dakika kumi. Ulitikisika hapa na pale, kama maji karaini mtu anapopita karibu, ukarudi wenyewe katikati. Dakika ishirini. 

Picha ya kwanza ilipofunguka aliikuza. Katikati nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kuonekana kama zimemwagwa, lakini zilikuwa nyota, moja na moja na moja, na pembeni zilipoanza kuachana, kila moja ilikuwa duara kama tundu lililochomwa na sindano. Akapiga arobaini za namna hiyo.

"Ni udongo," alisema kwa sauti. "Ulikuwa udongo, baba."

 Alikuwa ameifikiria saa hiyo kwa mwaka mzima, alidhani itakuwa na raha ndani yake. Ilikuwa na aibu tu. Mtu aliyetengeneza baiskeli alitazama mstari kwa nusu saa akaujua, na yeye mwenye stashahada ya ardhi hakumsikiliza. Angempa siku moja tu. Angesema, baba, tuhamishe stendi tuone. Pengine wangepata mwamba mahali, wangemwaga zege lao wenyewe, angekuwa amekaa hapo kwenye kigoda na chai yake imepoa. Sasa mahali pekee imara palipatikana kwa sababu yeye alikuwa ndani yake.

Alikaa miguu peku juu ya saruji hadi Tonge lilipoinamia magharibi, akalia taratibu asimwamshe mama ambaye hakuwa amelala.

Ijumaa asubuhi alikwenda Mugumu, steshenari, wakamtolea picha kubwa kama meza ya shuleni. Aliporudi mchana turubai lilikuwa limefungwa, na wageni wa kwanza wamefika kutoka Migori pamoja na shangazi Akinyi, dada yake marehemu. Hakupata hata kuifungua picha. Baba mdogo Olima alikuwa ameketi chini ya turubai, na kando yake Machage, anatazama viatu vyake.

"Shikamooni," Akello alisema.

"Marahaba. Kaa," Olima alisema. "Machage amekuja kwangu asubuhi. Usiku alitoka kuangalia ng'ombe wake. Akaona mtu juu ya kaburi la kaka yangu, taa nyekundu usoni, miguu peku, anainama na kuinuka. Nikamwambia ni jajuok."

Kwa Waluo jajuok ni mtu wa kutembea usiku, ambaye hatembei kwa heri. Watoto waliokuwa wakikimbia karibu na turubai walisimama.

"Mimi sikusema jajuok," Machage alisema. "Mimi nilisema mtu."

"Ni mimi," Akello alisema. "Nilikuwa napiga picha ya Tonge."

"Ati?" Shangazi Akinyi alishika kifua. "Unapiga picha nyota na baba yako amelala hapo chini? Si ungeenda tu kiwanja cha shule kama watu?"

"Kiwanja cha shule kinazama, shangazi. Boma lote linazama. Hapo ndipo mahali pekee pasipozama."

Machage aliinua kichwa. "Halikusogea?"

"Saa tatu nzima, mzee Machage. Hata unywele."

"Hata unywele," Machage alirudia polepole, na akakaa vizuri zaidi kwenye kiti, kama mtu aliyesomewa matokeo yake hadharani. Olima alimkata jicho, naye Machage akarudia kutazama viatu.

Akello aliifungua picha. Akaieleza yote bila kuficha: gia, alama za msumari, mstari, udongo, swali la baba yake alilolipuuza, na neno alilomwambia. Alipofika kwenye neno lile alilisema lote. Shangazi Akinyi aliacha kushika kifua. Olima aliichukua picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, na kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mtu anayemtafuta kaka yake kwenye umati.

"Huu ndio ule uchafu wa kwenye kioo?" aliuliza.

"Ndiyo huo, baba mdogo."

 Olima akaikunja ile picha kwa uangalifu, akairudisha mapajani mwa Akello.

"Ni picha nzuri. Kaka angeifurahia, sikatai. Lakini kesho watakuja watu mia mbili, na hii habari ya taa nyekundu imewatangulia. Nimeongea na mchungaji. Kabla ya ibada utasimama mbele yao, uombe radhi kwa kukanyaga kaburi la baba yako. Mchungaji aombee kaburi, yaishe. Hapo picha itawekwa mezani, na mimi mwenyewe nitasimama niwaambie kwamba nilibisha na kaka yangu alikuwa sahihi. Usipoomba, picha inabaki ndani ya nyumba. Siwezi kuitoa mbele ya watu."

"Mimi nilijua," Efrazia alisema. Hakuna aliyemwona akifika. Alisimama na jagi la maji. "Alinieleza kabla."

"Shemeji, subiri kwanza. Nazungumza na mtoto."

"Nimesubiri mwaka mzima. Alivua viatu. Mimi ndiye niliyemwambia avue."

"Shemeji, nasema subiri."

Akello aliishika ile picha iliyokunjwa. Aliiona meza ya kesho, kitambaa cheupe, picha ya baba yake ya kitambulisho iliyokuzwa, na nafasi kando yake. Alimwona Olima akisimama na kusema kaka yangu alikuwa sahihi, mbele ya watu mia mbili, jambo ambalo Opondo alilitamani miaka sita na hakulipata hai. Lilikuwa umbali wa sentensi moja.

"Baba mdogo," alisema, "kesho nitasimama. Nitawaambia nilimdharau baba yangu kwa elimu aliyonisomesha yeye. Nitawaambia alinieleza ukweli nikamwita fundi baiskeli, na akafa sijamwambia pole. Nitaomba msamaha wa hilo, na kama wanataka nipige magoti, nitapiga. Hilo ndilo kosa langu, na wa kunisamehe hayupo."

"Vizuri. Na la kaburi pia."

"La kaburi, hapana."

"Akello."

"Usiku wa jana ndio usiku pekee ambao nilimsikiliza. Nilisimama mahali imara kama alivyotaka nisimame. Nikiuombea msamaha usiku huo, nimemdharau mara ya pili."

"Ni neno moja, nyar Opondo, binti wa kaka yangu," shangazi Akinyi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Samahani. Unalisema, unakaa, tunakula. Kwani litakuuma wapi?"

"Sitalisema, shangazi."

"Basi picha itabaki ndani," Olima alisema. Hakuwa na hasira. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Na mimi sitaweza kusema lile nililotaka kusema. Umenifungia mlango mimi, na umemfungia yeye. Ufikirie hadi kesho."

"Nimeshafikiri."

"Fikiri tena."

"Hata uniite mara mia mbele ya watu, nitasema hivi hivi," Akello alisema. "Siombi radhi, baba mdogo. Siombi."